KAMBO ANASAHAU NJIA YA KISIMA: Namna mashini zinajifunza kutambua ugonjwa wa ubongo

(Somo la biolojia na fizike kwa kelasi za juu. Wadogo pia wanaweza kusoma; sehemu ya 4 waombe wakubwa wawasaidie.)



Mu muhula uliopita mwanafunzi mumoya alibaki mu kelasi kisha kengele kulia. Alingoja wenzake wote watoke, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, kuko ugonjwa unaofanya mutu muzee asahau njia ya kisima chake mwenyewe?» Nikamuuliza ni nani. Akajibu: «Ni kambo. Anachota maji pale tangu mbele ya baba kuzaliwa. Siku hizi anapotea. Mimi ananiita jina la baba mukubwa aliyekufa. Usiku anatembeatembea mu kiwanja. Sasa majirani wanasema ni mulozi, na yaya hataki tena watoto wake wale chakula cha mukono wake.»

Siku ile nilimujibu kidogo tu, kwa sababu mimi pia nilikosa maneno. Nilikumbuka kambo yangu mimi. Tulipokuwa watoto tulimucheka sana, juu alikuwa anauliza swali moya mara tano mu saa moya. Hakuna mukubwa aliyetukataza. Alikufa mbele mimi nijue kama ile hali yake iko na jina mu vitabu. Somo hili ni jibu langu lililochelewa. Nimeliandika kwa ajili ya wote wenye kambo nyumbani.

1. UGONJWA WENYEWE

Ubongo wa mutu mukubwa una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 300 au 400. Ndani yake muko celi za mishipa ya akili, zinaitwa neroni, karibu miliari 86. Neroni moya haifanyi kitu. Kazi inatoka mu kuungana kwao, sawa watu wanaopokezana matofali kwa mustari. Mumoya akitoka, kazi inapunguka. Kumi wakitoka, kazi inasimama.

Mu mwaka 1901, mu lopitali ya Frankfurt, inchi ya Ujerumani, munganga Alois Alzheimer alipokea mama mumoya wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Mama yule alikuwa anasahau vitu alivyoonyeshwa dakika chache mbele. Alishindwa kuandika hata jina lake bila kupotea katikati. Alipokufa mu 1906, Alzheimer aliangalia ubongo wake kwa mikroskopi. Aliona neroni nyingi zimekufa, na aliona vitu viwili visivyo vya kawaida: madoa katikati ya celi, na nyuzi zilizosokotana ndani ya celi. Mu mwezi wa 11 mwaka ule alieleza jambo hili mbele ya wanganga wenzake mu muji wa Tübingen. Mu 1910 mwalimu Emil Kraepelin aliandika ugonjwa huu mu kitabu chake kwa jina la Alzheimer.

Leo tunajua kama madoa yale ni proteini inayoitwa amiloidi, na nyuzi zile ni proteini ingine, inaitwa tau. Vitu hivi vinaanza kurundikana mu ubongo miaka mingi mbele ya mutu kuanza kusahau. Angalieni neno hili vizuri, maana somo lote linasimama juu yake: ugonjwa unaanza mu ubongo zamani sana mbele unaonekana mu nyumba.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama mu 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya kupoteza akili ya uzee, na zaidi ya 60 kwa 100 kati yao wanaishi mu inchi zenye feza kidogo au ya katikati. Ugonjwa wa Alzheimer njo unaleta sehemu kubwa, pengine 60 mpaka 70 kwa 100. Basi, tusiseme: «Ni ugonjwa wa wazungu.» Kila mahali wazee wanaongezeka, nao unaongezeka.

2. KUONA NDANI YA KICHWA BILA KUKIPASUA

Alzheimer alingoja mugonjwa wake afe mbele ya kuona ubongo wake. Sisi tunataka kuona wakati mutu angali muzima. Je, inawezekana namna gani? Fizike njo ilifungua mulango huu.

Mu 1895 Wilhelm Röntgen alivumbua miale X. Miale hii inaonyesha mifupa vizuri, lakini ubongo ni laini na umefungiwa mu mufupa; foto ya kawaida haionyeshi kitu. Allan Cormack, mwana wa Afrika ya Kusini aliyezaliwa mu Johannesburg, alianza mu 1956, wakati alipokuwa anasaidia lopitali moya ya Cape Town, kutafuta hesabu ya kuunganisha foto nyingi za miale X zilizopigwa kwa pande zote. Godfrey Hounsfield wa Uingereza alitengeneza apareyi yenyewe mu kampuni ya EMI, ile ile iliyokuwa inauza sahani za miziki. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1971 mugonjwa wa kwanza alipitishwa mu skanari hii mu London, na doa la ubongo wake likaonekana. Wote wawili walipewa zawadi ya Nobel mu 1979.

Kisha zikaja apareyi zingine mbili, nazo njo tunazozihitaji leo.

IRM. Apareyi hii haitumii miale X. Inatumia sumaku kubwa. Mwili wetu ni maji mengi, na kila chembe ya maji ina idrojeni. Kitovu cha atomu ya idrojeni, ni kusema protoni, kiko sawa kadirani kadogo. Mukiiweka mu sumaku ya tesla 1,5, yenye nguvu karibu mara 30.000 kuliko sumaku ya dunia yetu, zile kadirani zinajipanga. Tena apareyi inazisukuma na mawimbi ya radio ya karibu megaherzi 64, chini kidogo ya mawimbi ya FM munayosikiliza jioni. Zikirudi mu nafasi zao zinatoa sauti ya radio, na ordinateri inachora picha kutokana nayo. Paul Lauterbur alionyesha picha ya kwanza ya namna hii mu 1973. Yeye na Peter Mansfield walipata Nobel mu 2003. IRM inaonyesha UMBO: sehemu gani ni nene, gani imekonda. Mu ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ndogo inayoitwa ipokampu, kuume na kushoto, ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio, inakonda mapema. Ni ile inayosaidia kuweka mambo mapya mu kumbukumbu. Njo maana mugonjwa anakumbuka harusi yake ya zamani, lakini hakumbuki kama amekula leo asubui.

TEP. Apareyi hii inaonyesha KAZI. Ubongo ni karibu 2 kwa 100 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu 20 kwa 100 ya nguvu yote. Chakula chake kikubwa ni sukari ya damu. Basi wanganga wanatwaa kitu kinachofanana na sukari, wanafunga juu yake atomu ya fluori 18, wanapiga mugonjwa shindano la mu mushipa, wanamuacha alale kimya. Fluori 18 inatoa pozitoni. Pozitoni ikikutana na elektroni, zote mbili zinapotea, na mahali pao panatoka miale miwili ya gama inayokimbia kila moya upande wake. Pete ya apareyi inayozunguka kichwa inashika miale hii miwili kwa wakati moya, na inajua kama ilitoka juu ya mustari gani. Mahali panapokula sukari nyingi panangaa; mahali panapolala pana giza. Mu ugonjwa wa Alzheimer sehemu za pembeni na za nyuma-juu za ubongo zinakula sukari kidogo kuliko kawaida. Tangu 2004 kuko pia dawa ya TEP inayoshikamana na amiloidi yenyewe, na madoa ya Auguste Deter yanaweza sasa kuonekana mu mutu muzima.

3. JUU YA NINI PICHA MBILI?

Mutu anaweza kuuliza: picha moya haitoshi? Fikirini munganga anayeangalia IRM ya muzee wa miaka 80. Ipokampu imekonda kidogo. Ni ugonjwa, ao ni uzee tu? Watu wengine walizaliwa na ipokampu ndogo, na akili yao ni nzima. Anaangalia TEP: sehemu moya iko na giza. Ni Alzheimer, ao ni huzuni kubwa, ao ni mushipa wa damu ulioziba? Kila picha peke yake ni shahidi mumoya. Na munajua desturi yetu: wazee hawakati maneno kwa shahidi mumoya. Mumoya aliona muvuli, mwingine alisikia sauti. Wakisema pamoja, ukweli unakaribia.

Lakini kuunganisha picha mbili ni kazi. IRM inaonyesha vitu vidogo vya karibu milimetri 1. Picha ya TEP ni ya ukungu, kipimo chake ni milimetri 4, 5 ao zaidi. Tena mugonjwa hakulala sawasawa mu apareyi zote mbili. Mu somo la jeografia munachora mito juu ya karatasi ya kalke, na barabara juu ya kalke ingine. Mukizipandanisha vibaya, barabara inapita mu mito. Vile vile ordinateri inazungusha na kusogeza picha moya paka ilale juu ya ingine bila kuachana. Kisha inakata ubongo mu sehemu nyingi, na kwa kila sehemu inaandika namba mbili: unene kutoka IRM, sukari kutoka TEP. Kwa mutu mumoya inaweza kuandika mamia ya namba. Jicho la munganga haliwezi kulinganisha mamia ya namba za watu mamia. Hapa njo mashini inaingia.

4. MASHINI INAJIFUNZA NAMNA GANI?

Watu wengine wanafikiri kama mashini ina akili ya siri ndani. Hapana. Tufanye mufano mudogo ku tablo. Namba hizi nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya somo. Kila picha tunaipa pointi kutoka 0 mpaka 10. Pointi nyingi ni alama ya ugonjwa.

A (mugonjwa): IRM 7, TEP 4
B (mugonjwa): IRM 4, TEP 8
C (muzima): IRM 5, TEP 3
D (muzima): IRM 2, TEP 6

Jaribuni kutumia IRM peke yake. Munataka kuweka mupaka: juu yake ni wagonjwa, chini yake ni wazima. Haiwezekani, kwa sababu C ambaye ni muzima (5) anapita B ambaye ni mugonjwa (4). Jaribuni TEP peke yake. Tena haiwezekani: D muzima (6) anapita A mugonjwa (4). Sasa jumulisheni: A 11, B 12, C 8, D 8. Wekeni mupaka ku 9,5. Wote wanne wamepangwa vizuri! Hakuna namba mupya iliyoongezwa. Mashahidi wawili wamesikilizwa pamoja, basi.

Mashini inapata hesabu hii namna gani, bila mutu kuiambia ajumulishe? Inaanza kwa kubahatisha. Inapa IRM uzito 1 na TEP uzito 0, ni kusema haisikilizi TEP hata kidogo. Inajibu, kisha inalinganisha jibu lake na jibu la kweli ambalo wanganga waliliandika. Imekosa. Inasogeza uzito kidogo: TEP ipate nusu. Sasa A ni 9, B ni 8, C ni 6 na nusu, D ni 5. Imefaulu, lakini katikati ya mugonjwa wa chini (8) na muzima wa juu (6,5) kuna nafasi ya 1,5 tu. Inasogeza tena: uzito 1 na 1. Nafasi sasa ni 3, kutoka 8 mpaka 11. Hiyo ni bora, juu mutu mupya atakayekuja hatakuwa sawasawa kama hawa wanne, na mupaka wenye nafasi kubwa haukosi upesi. Hesabu ya kutafuta mupaka wenye nafasi kubwa ilielezwa na Corinna Cortes na Vladimir Vapnik mu 1995.

Hivi njo kujifunza kwa mashini: kujibu, kukosolewa, kusogeza uzito, kujibu tena, mara maelfu. Ninyi munafanya vile vile na kaye zenu mwalimu akitia kalamu nyekundu. Mashini za kisasa zina tabaka nyingi za hesabu hizi, moya juu ya ingine, na uzito wao unaweza kufika mamilioni. Zinaweza kupokea picha yenyewe bila mutu kuigeuza kwanza kuwa pointi. Lakini njia ni ile ile.

5. MITIHANI ILIYOFANYWA

Kujifunza kunahitaji mifano mingi. Mu 2004 ilianza kazi kubwa mu Marekani na Canada, inaitwa ADNI, chini ya munganga Michael Weiner. Walikubali watu wazima, watu wenye kusahau kidogo, na wagonjwa. Wakawapiga IRM na TEP, wakawafuata miaka mingi, na picha wakazifungulia watafiti wa dunia nzima. Bila ukarimu huu mashini zingebaki na njaa.

Mu 2011 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina walitwaa watu 202 wa ADNI: wagonjwa 51, wenye kusahau kidogo 99, na wazima 52. Waliunganisha vitu vitatu: IRM, TEP ya sukari, na maji ya uti wa mugongo. Kutenganisha wagonjwa na wazima, kitu kimoya kilicho bora kiliipa mashini 86,5 kwa 100. Vitu vitatu pamoja viliipa 93,2 kwa 100. Kutenganisha wale wenye kusahau kidogo na wazima ilikuwa ngumu zaidi: 72 kwa kitu kimoya, 76,4 kwa vyote vitatu. Munaona, kuunganisha kunasaidia, lakini mwanzo wa ugonjwa ungali ni kilima kirefu.

Mu 2018 watafiti wa San Francisco walifundisha mashini ya tabaka nyingi kwa kutumia TEP ya sukari peke yake. Walikuwa na picha 2.109 za watu 1.002, sehemu kubwa ilikuwa ya kufundisha. Kisha waliijaribu juu ya watu 40 wa pembeni, ambao haijawaona hata siku moya. Haikuacha mugonjwa hata mumoya, na kati ya wasiokuwa na Alzheimer ilitambua 82 kwa 100. Picha zile zilipigwa kwa wastani miezi 75,8, ni kusema zaidi ya miaka 6, mbele wanganga wakate neno la mwisho. Ni jambo la ajabu kweli. Lakini musisahau: watu 40 ni wachache, sawa kelasi moya tu ya masomo yetu.

6. MASHINI PIA INAWEZA KUDANGANYA KU EKZAMEN

Sasa tufike ku sehemu ambayo inanigusa kama mwalimu. Mu 2020 watafiti wa Paris walichunguza maandiko mengi yaliyosema: «Mashini yetu inatambua Alzheimer 95 kwa 100, 98 kwa 100.» Waliona kama zaidi ya nusu ya maandiko waliyochunguza pengine yalikuwa na kosa la uvujaji. Kosa hili ni nini? Ubongo mumoya unatoa picha nyingi, vipande juu ya vipande. Mutafiti asiyeangalia anachanganya vipande vyote, anatwaa vingine kwa kufundisha na vingine kwa ekzamen. Basi mutu mumoya anakuwa pande zote mbili! Mashini haijifunzi ugonjwa. Inakumbuka kichwa cha yule mutu. Ni sawa mwanafunzi aliyeona maswali ya ekzamen usiku wa mbele. Anapata pointi 19 juu ya 20, wazazi wanafurahi. Lakini umutume ku kazi, hajui kitu. Na hapa asiyejua si mwanafunzi anayerudia mwaka. Ni mugonjwa anayeambiwa uongo.

Kuko kosa la pili. Watu wa ADNI wengi wao ni wazungu wa Amerika, waliosoma masomo marefu. Mashini iliyofundishwa na vichwa vyao tu inaweza kukosa mbele ya mama wa huku, ambaye hakuingia masomo, aliyepita magonjwa mengine na chakula kingine. Shahidi asiyejua kijiji chetu asiapize juu yetu.

Kosa la tatu ni letu sisi, la kusoma namba vibaya. Fanyeni hesabu hii. Tuseme mu muji kuko wazee 1.000, na 50 kati yao ni wagonjwa. Mashini inatambua 90 kwa 100 ya wagonjwa, na 90 kwa 100 ya wazima. Wagonjwa watakaotambuliwa: 45. Lakini wazima ni 950, na kumi kwa mia yao, ni kusema 95, wataitwa wagonjwa bure. Jumla mashini itanyosha kidole juu ya watu 140, na wagonjwa wa kweli ni 45 tu. Kwa kila watu watatu walioitwa, karibu wawili ni wazima! Njo maana mashini haipashwi kukata neno peke yake. Inamuambia munganga: «Angalia huyu vizuri.» Neno la mwisho ni la munganga aliyekaa na mugonjwa na jamaa yake.

7. NA SISI HUKU?

Nitasema wazi. Apareyi za IRM ni chache mu inchi yetu, na bei yake ni nzito kwa jamaa nyingi. TEP ni ngumu zaidi, kwani fluori 18 inapunguka nusu kila dakika 110. Lazima itengenezwe karibu na itumiwe upesi. Dawa ya kuponyesha Alzheimer haijapatikana. Mu Marekani walikubali lecanemab mu 2023 na donanemab mu 2024. Zinachelewesha ugonjwa kidogo kwa wale walio ku mwanzo, lakini bei ni kali, na zinaweza kuvimbisha ao kutosha damu mu ubongo, hata mugonjwa anapaswa kupigwa IRM mara kwa mara.

Pamoja na hayo musikate tamaa. Mu Kinshasa kuko watafiti, pamoja na Jean Ikanga wa chuo kikuu cha Emory, ambao tangu 2023 wametangaza kazi juu ya wazee wa Congo: maswali ya kumbukumbu, damu, na picha za IRM. Ni vizuri sana, kwa sababu mashini za kesho zitajifunza pia kutoka kwetu. Mu mwezi wa 5 wa 2025 Marekani ilikubali kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Chupa ya damu inasafiri vyepesi kuliko sumaku ya tani nyingi.

Tena, kusahau si Alzheimer kila mara. Ukosefu wa vitamini B12, goita na ugonjwa wa tezi yake, huzuni kubwa, damu iliyoganda mu kichwa kisha kuanguka, VVU, kaswende, malale ya mbungo, hata dawa zingine: vyote vinaweza kuchafua akili ya mutu, na vingi kati yao vinatunzwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza si skanari ya mbali. Ni kumupeleka muzee ku lopitali ya karibu, na mutu wa jamaa anayeweza kueleza: ilianza lini, ilianza namna gani, usiku anafanya nini. Habari hizi pia ni picha, na hazilipishwi.

Na mulozi? Ndugu zangu, ubongo unaokufa polepole unaweza kumufanya mutu atembee usiku, aseme na wafu, afiche vitu, ashuku jamaa yake, ao asitambue mutoto wake. Alama nyingi ambazo watu wanazitaja kuwa za ulozi, Alzheimer aliziandika karibu kama hizo mu karatasi zake za lopitali tangu 1901. Mutu anayezitwika kambo wake jina la mulozi anamupiga mugonjwa mara mbili.

Mwanafunzi yule alirudi kuniona juma lililopita. Walimupeleka kambo ku lopitali. Munganga alipima damu, akauliza maswali mengi, akaona ni ugonjwa wa ubongo wa uzee; IRM haikuwapo. Aliita yaya na baba, akawaeleza polepole. Yaya alilia. Sasa wamepanga zamu mu kiwanja: kila asubui mutoto mumoya anamusindikiza kambo ku kisima na kurudi. «Maji anachota bado mwenyewe,» aliniambia. «Njia tu njo tunamubebea.»

MANENO YA KUSHIKA

IRM: picha ya umbo, kwa sumaku na radio.
TEP: picha ya kazi, kwa sukari yenye fluori 18.
Uzito: namba ambayo mashini inasogeza ili ikose kidogo.
Uvujaji: mutu mumoya kuwa mu kufundisha na mu ekzamen pamoja.

MASWALI (majibu mu namba ijayo)

1. Fluori 18 inapunguka nusu kila dakika 110. Kisha dakika 330 inabaki sehemu gani?
2. Mutu E ana IRM 6 na TEP 5. Kwa uzito 1 na 1, mupaka 9,5, mashini inasema nini?
3. Mutu F ana IRM 2 na TEP 8. Pimeni kwa uzito 1 na 1 (mupaka 9,5), kisha kwa uzito 1 na nusu (mupaka 7,25). Mashini mbili hazipatani. Munganga afanye nini?
4. Rudieni hesabu ya wazee 1.000, lakini wagonjwa wawe 200. Kati ya watu walioitwa wagonjwa, wangapi ni wa kweli? Elezeni juu ya nini jibu limebadilika.
5. Kila mumoya aulize nyumbani: ni nani mu jamaa yetu alisahau sana mu uzee wake, na tulimufanyia nini? Jibu hili musiniletee. Mubaki nalo.

Mwalimu wenu wa biolojia